Je, Msitu ni Chombo cha Mtu?

Neno falsafa ni la Kigiriki, nalo lilitufikia kwa njia ya Waarabu. Maana yake ya asili ni kupenda hekima. Hata hivyo kwa watu wetu wengi neno hili limepata sifa mbaya. Mtu akisema maneno marefu yasiyo na mwisho, wenzake humcheka wakisema, "Huyu naye ameanza falsafa yake." Wapo pia wanachama wenye bidii wanaodhani kwamba mambo haya ni anasa ya maprofesa, na kwamba mtu anayeshinda kutwa nzima bandarini au shambani hana haja nayo. Sisi hatukubaliani na wazo hilo. Mfanyakazi anapokataa kutupwa kama gunia tupu linavyotupwa, amekwisha kuingia katika falsafa, apende asipende. Maana amesema kwamba kati ya mtu na gunia ipo tofauti, na kwamba tofauti hiyo si ya bei.

Leo twataka kulifuata jambo hilo hatua kwa hatua, mpaka mahali ambapo huenda msomaji hakutazamia kufika: katika misitu ya Thailand, mbele ya mti uliovikwa joho la mtawa.

Tuanze na jembe. Jembe lina thamani kwa sababu lalima. Mpini ukivunjika tutautia mwingine. Likiliwa na kutu hata lisifae tena, tutalitupa, wala hakuna atakayesema kwamba tumelidhulumu. Thamani ya namna hii wanafalsafa huiita thamani ya chombo: kitu ni chema kwa ajili ya jambo jingine. Lakini mfululizo huu hauwezi kwenda bila kikomo. Jembe ni kwa ajili ya mahindi, mahindi ni kwa ajili ya chakula, chakula ni kwa ajili ya mtoto. Na mtoto je, ni kwa ajili ya nini? Mtu mwenye akili timamu hulikataa swali lenyewe. Hapo tumekifikia kitu chenye thamani katika nafsi yake.

Aliyeyaweka mambo haya kwa ukali kuliko wengi ni Immanuel Kant, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Königsberg, mji wa Prussia ambao siku hizi umo katika Urusi na huitwa Kaliningrad. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1785 alifundisha kwamba chenye bei chaweza kubadilishwa na kingine kilicho sawa nacho, bali mtu ana heshima isiyo na kibadala. Basi haifai kamwe kumtumia mtu kama chombo tu. Angalieni hilo neno "tu". Kant hakukataza watu kutumikiana. Dereva wa basi hututumikia sote, nasi humlipa nauli. Alichokataza ni kumhesabu dereva kana kwamba naye ni sehemu ya injini.

Yatupasa kusema pia, maana tukinyamaza tutakuwa tumewaficha wasomaji wetu, kwamba Kant huyu huyu aliandika maneno ya dharau kubwa juu ya watu weusi. Wapo wanaotaka kwa sababu hiyo atupwe yeye pamoja na vitabu vyake. Sisi twaona ni afadhali kuishika kanuni na kumhukumu mwenye kanuni kwa kanuni hiyo hiyo, kwani yeye mwenyewe ilimshinda.

Je, mpaka wa heshima hiyo uko wapi? Kwa Kant mpaka ni akili. Kiumbe kisichoweza kufikiri na kujitungia sheria ya mwenendo wake ni kitu, na kitu ni cha kutumiwa. Ukimpiga mbwa wako bila sababu umekosa, naam, lakini kosa lako si juu ya mbwa. Umekosa kwa kuwa moyo uliozoea ukatili kwa mnyama hautachelewa kuwa mkatili kwa mtu. Kabla yake Mfaransa René Descartes alikwisha kumlinganisha mnyama na mashine. Na zamani zaidi, Aristotle wa Wagiriki alisema kwamba mimea ipo kwa ajili ya wanyama, na wanyama wapo kwa ajili ya mtu. Hata hivyo bwana huyo alikuwa ametumia miaka mingi kuwachunguza samaki na ndege kwa upendo usiofanana na maneno yake. Mwingereza Jeremy Bentham ndiye aliyeusogeza mpaka. Mwaka 1789 alisema kwamba la kuulizwa juu ya kiumbe ni kama chaweza kuumia, wala si kama chaweza kufikiri au kusema. Kwa hesabu hiyo punda aliingia ndani ya ua wa haki. Mti ulibaki nje, maana mti hausikii maumivu.

Mambo yakakaa hivyo kwa karibu miaka mia mbili, mpaka mkutano wa wanafalsafa wa dunia uliofanyika mwaka 1973 katika mji wa Varna, Bulgaria. Huko mwanafalsafa mmoja aliyefanya kazi Australia, jina lake Richard Routley, alitoa mfano ambao tangu siku hiyo haujaacha kuwasumbua wenzake. Tuseme dunia imepatwa na msiba, na amebaki mtu mmoja tu. Hana mke, hana mtoto, hakuna atakayezaliwa baada yake. Naye kabla ya kufa azunguka akiua kila mnyama na kukata kila mti, kadiri ya nguvu zake, bila uchungu kwa wanyama wale. Je, amefanya ubaya?

Tumewauliza swali hili watu kadha wa kadha, wenye elimu na wasio nayo, na ni wachache sana waliosema kwamba hakufanya ubaya. Lakini tazameni jinsi kanuni za zamani zinavyoshindwa. Hakumwibia mtu, maana hakuna mtu. Hakuwanyima wajukuu kuni wala kivuli, maana hakuna wajukuu. Hakumtesa mnyama. Ikiwa thamani ya msitu ni ya chombo tu, basi mtumiaji wa mwisho akiondoka msitu ni kama ufunguo wa nyumba iliyobomoka, na kuuteketeza si kosa. Lakini moyo wakataa. Ama moyo umekosea, kwa mazoea tu ya kupenda miti, ama kweli mna kitu ndani ya msitu ambacho hatukukiweka sisi.

Wapo waliolifikia wazo hilo bila kupitia katika vyuo vya falsafa. Aldo Leopold wa Marekani alikuwa Bwana Misitu, mtumishi wa serikali mwenye bunduki na daftari. Alipokuwa kijana huko Arizona aliwapiga risasi mbwa mwitu, kama walivyofanya wote wakati ule, kwa hesabu kwamba mbwa mwitu wakipungua kulungu watazidi na wawindaji watafurahi. Kulungu walizidi kweli. Wakaila milima mpaka haikubaki na kichaka, kisha wakafa kwa njaa kwa wingi wao wenyewe. Leopold alitumia maisha yake yote yaliyobaki kuufikiri mlima ule, akaandika kwamba mtu yafaa ajione kuwa ni mwananchi mmoja katika jamii ya udongo, maji, mimea na wanyama, si mshindi aliyeiteka jamii hiyo. Alikufa mwaka 1948 akisaidia kuzima moto wa majani katika shamba la jirani. Kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Huko Norway naye, profesa Arne Næss mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa watu waliobebwa na polisi kwa kukaa mbele ya maporomoko ya maji ya Mardøla, ambayo serikali ilitaka kuyageuza yawe umeme. Umeme ulijengwa vivyo hivyo. Miaka miwili baadaye, katika mkutano wa Bucharest, Næss aligawa wapenzi wa mazingira mafungu mawili: wale wanaoogopa moshi na uchafu kwa sababu ya afya na raha ya watu wa nchi tajiri, na wale wanaosema kwamba kila kiumbe kina haki ya kuishi na kustawi, kiwe na faida kwetu au kisiwe nayo. Fungu hili la pili ndilo alilojiunga nalo.

Maneno mazuri. Lakini mfanyakazi aliyezoea mikutano hujua kwamba azimio zuri lapaswa kuulizwa: ni nani atakayelipa? Mwanahistoria wa Kihindi, Ramachandra Guha, aliuliza hivyo hivyo mwaka 1989, katika jarida lililosomwa na Wamarekani hao hao aliokuwa akiwakosoa. Alisema kwamba wazo la kutenga nyika tupu isiyo na watu lina nafasi Marekani, lakini likipelekwa India, nchi yenye wakulima wengi waliokaa na misitu yao tangu kale, huwa ni kumnyang'anya maskini na kumpa tajiri. Alitoa mfano wa hifadhi za simba-milia zilizoanzishwa India mwaka 1973: mnyama aliokolewa, watalii na wataalamu wakafurahi, na wanavijiji wakahamishwa. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda India kulielewa jambo hilo. Mwaka 1959, chini ya utawala wa Waingereza, Wamaasai waliondolewa Serengeti ili nyumbu wabaki peke yao, nao walikuwa wameishi na nyumbu hao miaka mingi bila kuwamaliza.

Hapo twasimama na Guha. Ikiwa tutauongezea mti heshima, haifai tuichukue kutoka kwa mkulima, kana kwamba heshima ni gunia moja la mchele lisilotosha nyumba mbili. Na bado mfano wa Routley haukujibiwa. Mtu aweza kukasirika kwa haki juu ya wanavijiji waliohamishwa, na yule mharibifu wa mwisho akabaki pale pale na shoka lake.

Labda ni kwa sababu swali lenyewe limeulizwa kwa namna ya mgawanyo wa mali: nani yuko ndani ya ua na nani yuko nje. Buddha alianzia mahali pengine. Siddhartha Gautama, mwana wa ukoo wa watawala kutoka nchi iliyo chini ya milima ya Himalaya, aliyafundisha mafundisho yake kaskazini ya India yapata karne ya tano kabla ya Kristo, na jambo la kwanza alilolisema ni kwamba maisha yana dhiki. Mgonjwa ana dhiki. Lakini tajiri naye anayo, kwa kuwa alicho nacho chapita. Sababu ya dhiki hiyo aliiita kwa neno la lugha ya Kipali, tanha, na neno hilo maana yake ni kiu. Si kiu ya maji, ambayo ukinywa yaisha. Ni kiu ya kutaka zaidi, na kila ukiinywesha yaongezeka, kama ya mtu anywaye maji ya bahari.

Fundisho la pili ni gumu zaidi, nasi twaomba subira. Buddha alisema kwamba hakuna kitu kilichosimama peke yake. Kila kitu chatokea kwa sababu ya vingine, na vingine vikiondoka nacho chaondoka. Hata hii nafsi tunayoiita "mimi", ukiitafuta utaona mwili, hisia, mawazo, kumbukumbu, vyote vikibadilika. Mwenye nyumba humkuti. Wataalamu hutuonya kwamba katika maandiko ya kale fundisho hili lilitolewa hasa kueleza jinsi dhiki inavyozaliwa, na kwamba walimu wa siku hizi ndio walioliendeleza mpaka kwenye misitu na mito. Onyo hilo ni la haki. Lakini mkulima wa mpunga hahitaji mtaalamu kumwambia kwamba mpunga hautoki kwenye jembe lake peke yake. Watoka kwenye maji, na maji yatoka mlimani, na mlimani maji hushikwa na mizizi.

Wala tusidhani kwamba Wabuddha waliiweka miti katika daraja ya viumbe wenye kuhisi. Kwa madhehebu ya kale yaliyoko Thailand, Burma na Sri Lanka, mmea hauhesabiwi hivyo. Hata hivyo mtawa amekatazwa kukata mmea ulio hai, na majira ya mvua hukaa mahali pamoja, kwa kuwa hapo mwanzo watu walinung'unika kwamba watawa waliokuwa wakizunguka waliyakanyaga majani machanga na wadudu. Kwa Kant ungeuliza: je, jani lina haki? Kwa Buddha waulizwa wewe: ni kiu gani iliyokuongoza mguu?

Mwanauchumi mmoja aliona kwamba mambo haya yamhusu hata mchimba makaa. E. F. Schumacher, Mjerumani aliyehamia Uingereza, alikuwa mtumishi wa shirika la taifa la makaa ya mawe la nchi hiyo kwa miaka 20. Mwaka 1955 alipelekwa Burma kuwa mshauri wa uchumi, akarudi akiwa amefundishwa kuliko alivyofundisha. Katika makala aliyoitoa mwaka 1966 alieleza kwamba kwa bwana wa kiwanda kazi ni gharama ya kupunguzwa, na kwa mfanyakazi mwenyewe, akifundishwa na bwana huyo, kazi ni adha ya kuvumiliwa kwa ajili ya mshahara. Mbuddha, alisema, huitazama kazi kuwa ni nafasi ya mtu kukuza vipaji vyake, kuushinda ubinafsi wake kwa kushirikiana na wenzake, na kutoa vitu ambavyo maisha yavihitaji. Twawaomba wasomaji wetu walioko viwandani waipime hesabu hii kwa kazi yao ya jana. Schumacher aliongeza kwamba mti ni mali inayojizaa na makaa ni mali isiyorudi, na kwamba uchumi usioona tofauti hiyo kwa sababu vyote viwili vina bei ni uchumi kipofu. Aliyasema haya akila mshahara wa makaa, jambo ambalo sisi halitupunguzii heshima yake.

Sasa twende Thailand. Mwezi wa Novemba 1988 mvua kubwa ilinyesha kusini mwa nchi, katika jimbo la Nakhon Si Thammarat. Milima ilikuwa imefyekwa na kupandwa mipira mpaka kwenye miteremko mikali. Udongo uliporomoka, ukashuka pamoja na magogo yaliyokuwa yamekatwa, ukavifunika vijiji. Watu kwa mamia walikufa. Mwezi wa Januari 1989 serikali ikafuta vibali vyote vya kampuni za kukata magogo, nchi nzima. Ilikuwa amri ya ujasiri. Lakini biashara haikufa, ilivuka mpaka ikaingia Burma, Laos na Kampuchea. Kiu ile ile, msitu mwingine.

Katika miaka hiyo watawa wachache wa vijijini walianza kufanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Walichagua mti mkubwa, wakausomea maneno ya ibada, wakauzungushia shina lake joho la rangi ya zafarani kama linalovaliwa na mtawa. Mmoja wao ni Phrakhru Pitak wa jimbo la Nan, kaskazini, aliyefanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakuu wa vijiji walikunywa maji yaliyoombewa ili kutia muhuri ahadi yao ya kuulinda msitu. Juu ya mti kilipigiliwa kibao cha kuonya kwamba kuuharibu msitu ni kuharibu chat. Na neno hilo la Kithai laweza kumaanisha uhai, au kuzaliwa, au taifa. Kila mpitaji alisoma aliyoweza.

Wakubwa wa dini wengine walichukizwa. Walisema ni kufanya mzaha na utawa, nao walikuwa na hoja. Mtu anapoingia utawani huulizwa maswali mbele ya mkutano wa watawa, na mojawapo ni hili: je, wewe ni mwanadamu? Hadithi ya kale yasema kwamba nyoka mmoja wa ajabu alijigeuza mtu akaingia utawani, akagunduliwa alipokuwa amelala, na tangu hapo ikaamriwa kwamba swali hilo liulizwe. Mti hauwezi kuliitikia. Watawa wale walijibu bila kubishana: wanajua kwamba mti hauwezi kuwa mtawa. Lakini wanakijiji wanajua pia kwamba kumkata mwenye joho ni dhambi, na mkono wenye shoka ukisita, kwa dakika hiyo moja mtu huanza kufikiri.

Sisi twaona kwamba dakika hiyo yamjibu Routley vizuri kuliko majarida mengi. Hawakuthibitisha kwamba mti una heshima ya Kant. Walimfanya mtu asimame mbele ya mti kama asimamavyo mbele ya mwenzake, kabla hajauliza bei. Na hawakumwondoa mkulima. Alikuwapo katika ibada, msitu ukabaki wa kijiji, wa kuni zilizoanguka na uyoga na dawa.

Tofauti hiyo ilijulikana waziwazi katika jimbo la Buriram, kaskazini mashariki. Huko jeshi, baada ya kutwaa serikali mwezi wa Februari 1991, lilisukuma mpango wa kuwahamisha wakulima maskini kwa maelfu kutoka katika ardhi iliyoandikwa kuwa ni hifadhi ya msitu, na kuipanda miti, ambayo sehemu yake kubwa ingekuwa mikaratusi ya kampuni, ya kutengenezea karatasi. Yote hayo yalitangazwa kwa jina la kuuokoa msitu. Mtawa Phra Prachak, aliyekuwa akikaa na wanakijiji katika msitu wa Dong Yai na kuivika miti yake majoho, alisimama upande wa wanakijiji. Polisi walimkamata mwaka ule ule. Mwaka 1992, baada ya serikali ya wanajeshi kuanguka, wakulima waliandamana barabarani kuelekea Bangkok, na mpango ule ukafutwa. Wako waliorudi kwenye mashamba yao, wakakuta mikaratusi imekwisha kupandwa, wakaanza kuing'oa.